Fedha Ziende kwa Mtu, Si kwa Jengo

Ukitajwa mradi wa watu wenye ulemavu katika mikoa yetu ya magharibi mwa Tanzania, wengi huwaza jengo. Kituo kijengwe, kiwe na uzio, bwalo na mlinzi, mgeni rasmi aje akate utepe. Katika kata kama Choma, wilayani Igunga, jengo hilo litapendeza pichani na litahudumia wachache kwa gharama kubwa. Mimi naona shilingi ya kwanza ya mradi wa kujitegemea imlipe msaidizi ambaye mwenye ulemavu amemchagua mwenyewe.

Wazo hili si geni. Mwaka 1972, mjini Berkeley, Marekani, Ed Roberts na wenzake walianzisha kituo ambacho hakikuwa bweni la mtu yeyote. Roberts alipoozeshwa na polio akiwa kijana, akawa analala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, na bado akasoma chuo kikuu. Kituo kiliongozwa na wenye ulemavu wenyewe, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia wenzao wasaidizi, nyumba zinazoingilika na mafundi wa viti mwendo. Sweden ikaenda mbali zaidi: tangu 1994 sheria yake inampa mwenye ulemavu mkubwa haki ya msaidizi anayelipwa na umma. Na hapa pana jambo la kufikirisha, kwani Wapentekoste wa Sweden ndio walioanzisha Hospitali ya Nkinga, humo humo Igunga. Hospitali tuliipokea. Hili la msaidizi bado.

Choma ina mambo yake. Masika yakishika, udongo mweusi wa mbugani hunata kama ulimbo, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo cha hospitali huzama mita chache kutoka mlangoni. Kiti kinaegemezwa ukutani mpaka mvua zikatike. Afadhali baiskeli ya matairi matatu inayozungushwa kwa mikono: tairi likipasuka au cheni ikikatika, fundi baiskeli wa kijijini ataimaliza kazi. Chooni nako ni shimo tupu, hakuna pa kushika, wakati nguzo mbili imara zingemwondolea mtu aibu ya kubebwa.

Msaidizi yupo hata leo, ila ni mtoto. Babu asiyeona akitaka kwenda mnadani, mjukuu hushika ncha ya fimbo na siku hiyo ya shule imekwenda. Fedha zikitumwa kwa simu, kijana wa nyumbani ndiye anayejua namba ya siri, mzee anabaki kuuliza, "Imeingia ngapi?" na kuamini jibu lolote atakalopewa. Hapo ndipo penye shina la jambo. Mtu anaweza kulishwa vizuri, akavishwa, akapendwa hasa, na asiwe na uamuzi hata wa kuuza kuku wake.

Wapo wanaosema familia inatosha, na kwamba kulipana kwa kusaidiana ni desturi ya Wazungu. Siibezi familia, bila hiyo wengi wasingekuwa hai. Lakini mama aliyemhudumia mwanawe miaka ishirini bila kupumzika amechoka, na hakuna anayemuuliza. Wengine hukumbusha Buhangija, Shinyanga, ambako watoto wenye ualbino walikusanywa ili kulindwa dhidi ya wauaji. Hoja hiyo ina uzito. Penye panga mlangoni, uzio ni lazima. Ila hifadhi ya dharura ikigeuka makazi ya miaka, mtoto hukua hajui kwao, na kijiji nacho kinazoea kuishi bila yeye.

Sheria si kikwazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 19 inazungumzia haki ya kuishi katika jamii na kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati zao hadi ngazi ya kijiji. Fedha nazo zina mfereji: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za wenye ulemavu. Kasoro ni kwamba huo ni mkopo. Mkopo humfaa mwenye cherehani au genge la nyanya. Hauwezi kumlipa anayekuogesha asubuhi, maana kuoga hakuzai marejesho. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, nayo hulipa kaya, na ndani ya kaya mwenye ulemavu mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Kenya ilianza mwaka wa fedha 2010/2011 kuzipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa posho, ambayo imefikia shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni kidogo, na huchelewa. Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, bila kuuliza nani aliajiriwa na nani hakuajiriwa. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba posho ya namna hii haiwezekani huku kwetu.

Madiwani wa Igunga wakikaa na bajeti ijayo, waweke kifungu cha posho ya wasaidizi, hata kwa watu wachache wa Choma kwa kuanzia. Kamati ya kijiji ya watu wenye ulemavu isimamie, SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, waombwe kuwafunza wasaidizi, na mwenye ulemavu awe na mamlaka ya kumwajiri msaidizi wake na kumwachisha kazi. Habari za jengo zisubiri.