Tangi la Darasani Liwe la Furu

Ndugu walimu, wazazi na wajumbe wa kamati za shule mnaoishi kandokando ya Ziwa Victoria,

Mwaka 1985 samaki mmoja mdogo wa Ghuba ya Mwanza alipewa jina la kitaalamu la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Ni furu, mrefu kama kidole cha kati. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano uliokatwa na mistari myeusi. Nimewauliza watoto wengi wa Mwanza kama wamewahi kumwona. Sangara wanamjua, sato wanamjua, dagaa wanamla kila wiki. Furu wanamjua kama chambo.

Shule ikipata tangi kubwa la kioo, la lita 300 au 400, mara nyingi tunakimbilia samaki wa dhahabu wa dukani, ambao asili yao ni mbali huko Asia. Nawaomba tangi hilo mliwekee furu.

Sangara aliingizwa ziwani humu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafyeka furu vibaya sana. Kati ya aina zao takriban 500, nyingi hazikuonekana tena. Baadhi zilinusuriwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Inaniuma kwamba furu wana makao ughaibuni, ilhali darasa ambalo watoto wake wanasikia mawimbi halina hata mmoja.

Chagueni aina moja tu, dume mmoja na majike watano au sita, maana madume wakibanana hupigana hadi kuuana. Wapangieni mawe yenye mapango, kama miamba walikotoka. Msichanganye aina mbili za furu zinazokaribiana, kwa sababu huzaana. Hata ziwani jike humtambua dume wake kwa rangi, na maji yakichafuka kwa tope na mwani haoni tena nani mwekundu na nani wa buluu, hivyo aina mbili huishia kuwa moja. Mwalimu wa sayansi atapata hapo somo la muhula mzima. Kitoto cha sangara msikiweke kabisa, hata kikionekana kizuri: mkubwa wake hupita kilo 100. Kambale naye atawameza wenzake usiku.

Mtakachokipenda zaidi ni uzazi wao. Jike huokota mayai yake na kuyaatamia kinywani. Kidevu chake hutuna, kinywa hakifumbi vizuri, na chakula mkitupa anakitazama tu kikipita. Anakaa hivyo kama wiki tatu. Kisha asubuhi moja anafungua kinywa na vitoto vinatoka, vidogo kama punje za mchele. Mtoto akigonga kioo, vyote vinarudi mbio kinywani mwa mama. Nimeona darasa la watoto hamsini likinyamaza kimya kwa ajili ya jambo hilo, bila mwalimu kuinua sauti.

Samaki wenyewe msiwavue kienyeji. Nendeni kwa afisa uvuvi wa wilaya mkaombe kibali, naye awaelekeze mvuvi anayeijua miamba. Na samaki aliyekaa tangini asirudishwe ziwani kamwe, hata shule ikichoka naye, maana anaweza kubeba ugonjwa, na furu wa kisiwa kimoja si lazima awe sawa na wa kisiwa cha jirani. Mpeni shule nyingine.

Lita 400 ni kilo 400 za maji, mbali na kioo na mawe, kwa hiyo meza ya mwalimu haitafaa. Fundi ajenge kitako cha matofali. Maji ya bomba yakae wazi siku mbili ili klorini itoke. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri itawaokoa. Chakula kiwe kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili.

Anzeni wiki hii hii, tangi likiwa bado tupu. Jazeni maji, washeni chujio, wekeni mawe, kisha muwe na subira. Bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawa, na muda huo unatosha kupata kibali, kumpata mvuvi, na kumwachia mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike jina la nyererei kwenye karatasi ya kubandika juu ya kioo.