Pompi ya kampuni iko na mulinzi, frigo yetu hapana

Ku mine, pompi haiwashwe ovyo. Voltage ikishuka, ao fazi moja ikikatika, kuko kifaa mu kabati ya kuran inayozima moteri mbele haijaungua. Fundi akiondoa ile kifaa ili kazi iende mbio, anaitwa ku ofisi. Hii sheria tunaijua wote. Kisha tunatoka ku posti, tunafika mu nyumba, na frigo tuliyoilipia kidogo kidogo miezi na miezi iko uchi ku prizi.

Ninaandika juu ya ile ilitupata mu avenyi yetu, mvua iliyopita. Waya ya netre ilikatika ku poto. Nyumba inapaswa kupata voltage 220. Netre ikikatika, nyumba zingine zinaweza kupanda karibu na 380, na zingine zinashuka kabisa. Ilikuwa saa mbili ya usiku. Taa ziliwaka sawa taa za stade, kisha zikazima moja moja. Asubuhi tulihesabu televizyo saba na konjelateri tatu. Konjelateri moja ilikuwa ya mama mujane anauzaka tomsoni na maji ya baridi. Mupaka leo hakuna mutu amemulipa.

Ile ilinichoma roho zaidi: nyumba ine mu ile avenyi zilikuwa na kinga. Zote ine zilinunua ile miltiprize ya taa nyekundu. Haikusaidia kitu, na moja ilishika moto.

Njo pale tunakosea. Mu magazini wanaita vitu vitatu kwa jina moja.

Cha kwanza kinazuia pigo fupi, ile ya radi, ao ile inakuja wakati kuran inarudia. Ndani yake kuko kidonge cha oksidi ya zenki, madini ya namna inatoka Kipushi hapa karibu. Kidonge kinameza pigo, lakini kila pigo inakichokesha. Kwa hiyo angalia kama kuko taa ya kuonyesha kinga ingali mzima; ile ya kuonyesha tu kama kuran iko haisemi kitu. Soma pia hesabu ya juli: chini ya 1,000 ni kidogo, na kama haikuandikwa kabisa, ujue ni ralonji tu wamekuuzia. Lakini hata kizuri hakiwezi kubeba 380 ya dakika nzima. Kinaungua chenyewe, kama kwa jirani yangu.

Cha pili kinafanya ile kazi ya kabati ya ku mine. Kinaangalia voltage kila wakati. Ikipita 260 hivi, ao ikishuka chini ya 180 hivi, kinakata. Kuran ikirudia muzuri, kinangojea dakika tatu ao tano mbele ya kuifungua. Usikasirike na ile kungojea: moteri ya frigo ikizimwa na kuwashwa palepale, inasukuma gazi ingali na nguvu, na inaungula.

Cha tatu ni stabilizateri, ya kupandisha voltage dhaifu. Mu kartie kwenye taa inakuwaka nyekundu kila mangaribi, hiyo njo inafaa. Sherti iwe kubwa kuliko hesabu ya frigo, juu frigo wakati wa kuanza inavuta mara nyingi zaidi.

Mimi, kama pesa inatosha kimoja tu, ninanunua cha pili, na ninakiweka ku frigo. Televizyo tutaichomoa kwa mukono radi ikianza. Na resho isiingie mu hiyo miltiprize: prizi ya ampere 10 inabeba wati 2,200, resho peke yake inaweza kuimaliza karibu yote.

Tena waya ya udongo. Bila piketi mu udongo, kinga ya radi inafanya nusu ya kazi. Nyumba mingi ziko na prizi ya matundu matatu lakini nyuma ya ukuta la tatu halina waya. Ita elektrisie apime mbele ya kununua.

Na hii inanichekesha na kunikasirisha pamoja: sisi wachimba mukuba wanatuuzia waya bila mukuba. Kwarua ncha na kisu. Ikionekana nyeupe ndani, ni aluminium wamepaka rangi ya mukuba. Ikishikwa na simaku, ni chuma. Rudisha.

Wenzangu wengine wa sendika wanasema: delege apiganie mushaara, si mambo ya prizi. Nimewaambia ku reunio na ninarudilia hapa: mwezi ule frigo inaungua, mushaara umeshapunguzwa, na hakuna mutu alisaini. Ile tulipata mu mazungumuzo ya mwaka muzima inaenda usiku moja. Kampuni inajua kununua hivi vifaa kwa wingi, iko na mafundi wa kuvipima, na inaweza kutukata ku paye miezi mitatu. Hatuombi zawadi.

Mvua ya Novemba iko karibu. Delege wa kila ateliye aandike majina ya wenye kutaka, na kwenye mustari wa kwanza niandike mimi. Ile ya pili ni ya mama wa tomsoni. Hana paye, lakini mu avenyi yetu tumekubaliana kuchanga.