Malezi ya Watoto: Kundi Moja, Alama Moja

Bodi ya mitihani ya Trinity College London, ambayo asili yake ni mwaka 1872, hutahini watoto katika tamthilia ya muziki, yaani mchezo unaounganisha uimbaji, uigizaji na mwendo wa mwili. Madaraja huanza na lile la Awali, kisha la kwanza hadi la nane. Mtihani wa kundi ndio unaowatatiza wazazi, kwa kuwa watahiniwa hawapewi alama mmoja mmoja. Kundi zima hupata alama moja.

Basi mwenye sauti kali anayewafunika wenzake huwapunguzia, wala hawaongezei. Aliye haya, aliyejibanza nyuma, ana uzito ule ule.

Chukua mchezo wa Oliver! wa Lionel Bart, ulioonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1960, na kutokana na riwaya ya Charles Dickens. Mwanzoni watoto wa nyumba ya maskini wanangojea uji, wakiimba juu ya vyakula wasivyovipata. Mkufunzi mwenye haraka huanza na sauti. Mwenye busara huanza na njaa: wewe ni nani, ulikula lini, bakuli lako lina nini? Mtoto asiyejua majibu hayo humtazama mtahini badala ya kulitazama bakuli, na uigizaji umekwisha hapo.

Baadaye maneno husemwa kwa mapigo bila sauti ya wimbo, kisha huimbwa watoto wamesimama, kisha wakitembea. Wakianza kucheza kabla pumzi haijazoea, hutweta katikati ya mstari. Nyumbani mama aweza kumsikiliza mtoto akiimba huku anafagia. Akisahau neno kwa sababu ya ufagio, bado hajalijua.

Muziki wa kanda pia una ukali wake. Mpiga piano humngojea mtoto aliyechelewa; kanda haimngojei mtu. Ile itakayotumika siku ya mtihani na itumike tangu majuma ya kwanza.

Lakini jambo zito kwa jamaa za askari, huko Uingereza kama kwingineko, ni uhamisho. Barua inafika, baba anatakiwa kuripoti kituo kingine, na mtoto aliyepewa sehemu ya Oliver, yule anayethubutu kuomba uji zaidi, anaondoka majuma matatu kabla ya mtihani. Pengo hilo si lake peke yake. Mstari unavunjika, wanaobaki wanageuka kutafuta sauti iliyokuwa kando yao, na alama ni ile moja.

Kwa hiyo kila mtoto hufundishwa sehemu ya jirani yake tangu mwanzo: maneno yake, mahali pake, na mguu anaoanza nao. Wazazi wengine huificha barua kwa kumhurumia mtoto, wakidhani siku chache za furaha zitamfaa. Huruma hiyo huwagharimu watoto wote. Mwalimu na aambiwe siku ile ile, na mtoto pia.

Anayehama asiondolewe mazoezini. Apewe kazi ya kumfundisha mrithi wake: alishike vipi bakuli, ahesabu hatua ngapi hadi mezani, na anyamaze kwa muda gani kabla ya kufungua kinywa.