Kuweka rehani nyumba ya kodi ili kununua nyingine

Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, nyumba ya kupangisha imekuwa akiba ya wengi mjini kwetu. Sasa yapo maswali yanayotufikia: mtu aliyejenga nyumba yake hata ikaisha, haidaiwi hata shilingi, je, aipeleke hati benki ili apate mkopo wa kununua ya pili, kisha ya tatu?

Rehani yenyewe haina ubaya. Imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 283, na Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi aliyemkopesha shayiri. Kilichoharamishwa ni riba, na hapo ndipo penye mzigo.

Hebu tupige hesabu. Tuchukulie kila nyumba yaingiza shilingi 300,000 kwa mwezi. Mkopo ni milioni 30 kwa riba ya asilimia 16, kiwango cha kawaida katika mikopo ya nyumba nchini, kwa miaka 10. Rejesho la mwezi litakaribia 502,500, na jumla itapita milioni 60. Kodi za nyumba mbili ni 600,000. Hubaki 97,500 za bati, choo na kodi ya jengo. Nyumba moja ikikaa tupu, mwenye nyumba atoe 202,500 mfukoni kila mwezi. Na tusisahau kwamba wapangaji wetu hulipa kwa miezi sita au mwaka, ilhali benki hudai kila mwezi.

Wapangaji hao wanategemea mahindi, wakulima na wachuuzi sawia. Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje mwaka 2017, bei ilianguka vibaya katika mikoa hii ya kusini. Riba haikuanguka pamoja nayo.

Tena, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 hudai ridhaa ya mwenza inapowekwa rehani nyumba ya familia. Nyumba ya kupangisha yaweza kuikosa kinga hiyo, mama watoto akaja kushtukia dalali wa mnada.

Watauliza: basi tusiongeze mali? Kuongeza kupo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 kwa misingi ya kisheria, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Upo ushirika unaopungua: benki na mteja hununua nyumba pamoja, mteja akalipia pango la fungu la benki huku akilinunua kidogo kidogo. Lakini jina la Kiarabu halihalalishi mkataba. Asomaye aulize: nyumba ikiungua au kubomoka, hasara ya fungu la benki ni ya nani? Akijibiwa kuwa ni yake yote, huo ni mkopo uliovikwa kanzu.

Na mwenye nyumba akifariki, deni hutangulia mirathi. Warithi watagawana kitakachobaki baada ya benki.