Misingi ya biashara ifunzwe kwa mfano wa Mumias

Wapo wanaodai kwamba uhasibu, uchumi, takwimu na sheria ya biashara ni mzigo kwa mwanafunzi wa shahada ya usimamizi wa biashara, eti mfanyabiashara hodari huzaliwa. Kaunti ya Kakamega ina jibu. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliingia katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2001. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Mkulima aliyengoja malipo ya miwa yake hakuhitaji hotuba. Alihitaji wasimamizi wanaosoma hesabu mapema na kusema ukweli.

Itasemwa kuwa sukari ya magendo na siasa ndizo zilizoiangusha. Zilichangia, lakini uchumi hufunza kupima ushindani, na sheria hufunza wajibu wa wakurugenzi. Hata hivyo, kukariri kanuni hakutoshi. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoko mjini Kakamega, kinafaa kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza taarifa za fedha za Mumias wazichambue mstari kwa mstari. Anayeitambua hasara kwenye karatasi ana nafasi ya kuizuia kiwandani.