Kuni au Mbao?

Mti ukishakatwa, Kiswahili huupa jina kwa kadiri ya hatima yake: kuni au mbao. Katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, tofauti hiyo si ya maneno matupu (ingawa sisi wanaisimu huridhika nayo hivyo). Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mkaratusi unaotiwa katika tanuri la kiwanda cha chai huirudisha angani papo hapo. Ukiwa boriti ya paa, huifungia humo kwa miongo.

Marufuku ya 2018, iliyoondolewa 2023, ilihusu ukataji, si kama gogo litakuwa kuni au mbao. Naam, chai haikauki bila moto. Basi na yachomwe matawi na magogo yaliyopinda. Manene yaliyonyooka yapelekwe kwa wapasua mbao.