Vibao Bora Havitoshi Kumjua Mwanamuziki

Juzi mtangazaji mmoja wa redio hapa Singida alicheza wimbo wa bendi ya Queen, akaukata kabla haujaisha kama ilivyo desturi yao siku hizi, kisha akatutangazia kwamba mwenye ule mkusanyiko wa vibao bora hana haja ya kutafuta kingine: Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo, ameshammaliza. Imani hii imeenea mno, nami nimechoka nayo.

Tuanze na huo mkusanyiko wenyewe. "Greatest Hits" ya Queen ilitoka Oktoba 1981. Nchini Uingereza hakuna albamu iliyowahi kuuzwa kuishinda. Mwaka 2022 ilivuka mauzo ya milioni 7. Sikatai kwamba inauzika. Ninachouliza ni nani aliyeamua kwamba zile nyimbo 17 ndizo bora. Jibu ni soko la Uingereza. Zilichukuliwa zilizopanda chati huko, basi. Toleo la Marekani la mwaka huohuo likawa na orodha tofauti, likaingiza "Under Pressure" walioimba na David Bowie, ambao Waingereza hawakuwekewa. Ubora gani huu unaobadilika ukivuka bahari? Huo si ubora, ni hesabu ya muuzaji.

Sasa sikiliza kilichoachwa nje. Freddie ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Mwaka 1978 albamu ya "Jazz" ilifunguliwa na wimbo wake "Mustapha". Humo anapaza sauti kama mwadhini, anamtaja Ibrahim, anachanganya Kiarabu na maneno aliyoyabuni mwenyewe. Huyo ndiye mtoto wa Mji Mkongwe akisikika waziwazi kuliko popote pengine. Katika mkusanyiko wa Waingereza, wimbo huo haumo! Na sisi, watu wa nchi aliyozaliwa, tunaambiwa tumeshammaliza.

Wapo wanaojitetea kwamba albamu nzima ni ndefu, watu hawana muda. Hawana muda? Watu haohao hukaa kibandaumiza dakika 90 kuitazama Simba na Yanga, na ole wake mwenye kibanda atakayewaonyesha magoli matupu. Dakika 40 za muziki ndizo zinazowashinda?

Ugonjwa huu umeshaingia kwa wa kwetu. Mtaje Mbaraka Mwinshehe, utachezewa "Shida". Mtaje Marijani Rajab, utachezewa "Zuwena". Panda basi pale stendi ya Misuna kwenda Dodoma, "zilipendwa" utakazosikia ni zilezile za mwaka jana na juzi, tena kwa sauti ya kupasua masikio. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, akaacha nyimbo nyingi mno. Bendi za zama zake zilirekodi kanda tele katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nani anazicheza? Watangazaji wetu wameridhika na vibao kumi vilivyomo kwenye flashi, na kijana anayekua leo anaamini kwamba wazee wake hawakuimba zaidi ya hapo. Ngoma za Wanyaturu na Wanyiramba ndizo zilizoonewa zaidi, maana hata hiyo orodha ya kumi hazikuingia kamwe.

Orodha ya vibao bora hukufundisha kupenda ulichokwisha kupendeshwa. Wimbo usiochezwa hauwezi kupendwa, na usipopendwa hauingii kwenye orodha, kwa hiyo hauchezwi tena. Hivyo ndivyo kazi ya mtu inavyouawa huku jina lake likisifiwa kila Jumapili.

Watangazaji, tengeni saa moja tu kwa wiki mcheze albamu nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuikatiza kwa maneno yenu. Nawe msomaji, usiwasubiri. Itafute "Jazz" leo, uanze na "Mustapha".